Kuzuia mvumo wa gitaa la kuchonga jukwaani
Ukipiga gitaa lililochongwa nyumbani katika kumbi zetu za Mwanza na spika zikaanza kuvuma kwa sauti nzito inayozidi kupanda, usikimbilie kupunguza sauti yote, kwa sababu mara nyingi chanzo ni hewa iliyomo tumboni mwa gitaa, ambayo hutikisika karibu na hezi 100 (mitikisiko 100 kwa sekunde) kila spika inapoichochea. Ziba tundu la ubao wa mbele wa gitaa kwa sponji ya godoro iliyokatwa kubwa kidogo kuliko tundu lenyewe, ibane bila gundi; ukiweka kiganja kwenye ubao wa mbele, utahisi mtikisiko umepungua. Mimi huanza na sponji kabla hata ya kuchomeka waya. Kisha usisimame mbele ya spika, na umwombe fundi mitambo apunguze besi ya gitaa pekee.