Muswada unaogusa simu yako ukifika bungeni: jinsi ya kuandika maoni yakasomwa

Kila ukitoka muswada wa mambo ya mitandao au usalama magrupu yanawaka siku mbili tatu, watu wanatumiana maandishi marefu yenye "sambaza kwa wengine", halafu kimya, sheria inapita. Baadaye mtu anaitwa kituoni anakuta rekodi zake za simu ziko mezani ndo anauliza hii sheria ilipita lini. Kwa hiyo hii nawaandikia watu wa kawaida hapa Arusha, huna digrii ya sheria wala huna ndugu Dodoma, ila unataka ulichoandika kiwafikie wabunge wa kamati wakati bado neno linaweza kubadilishwa.

Anza na muswada wenyewe, siyo ile picha ya ukurasa mmoja iliyozungushiwa wino mwekundu. Miswada inachapishwa kwenye Gazeti la Serikali na inawekwa kwenye tovuti ya Bunge, parliament.go.tz, na tangu sheria ibadilishwe 2021 lugha ya sheria ni Kiswahili kwa hiyo ile ya kusema kimeandikwa kizungu imeisha. Pakua, ukaprinti, maana kwenye kioo cha simu utachoka ukurasa wa nne. Ukiona mrefu anzia nyuma, kuna sehemu inaitwa Madhumuni na Sababu, pale serikali yenyewe inaeleza kila sehemu ya muswada inataka kufanya nini. Kuwa makini sana na ile miswada ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali, yaani muswada mmoja unagusa sheria lundo kwa mpigo, kifungu cha kuingilia mawasiliano kinaweza kuwa kimekaa katikati ya mambo ya ardhi na leseni na hakuna anayekiona.

Juzi pale soko la Kilombero mama mmoja ananiuliza, "Kaka yangu, mimi nauza nyanya, nani atahangaika kusikiliza simu yangu?" Swali la maana kabisa. Nikamwambia mama, pengine hakuna anayekusikiliza leo, ishu ni nani ana ruhusa ya kuomba orodha ya uliowapigia na uliowatumia hela bila kumuuliza mtu mwingine yeyote. Laini yake imesajiliwa kwa alama za vidole kama za sisi wote, zoezi lile ambalo mwisho ulikuwa 31 Desemba 2019 ukasogezwa hadi 20 Januari 2020, hela za kikoba zinapita humo humo, na mjukuu akiwa Moshi shule anatumiwa matumizi humo humo. Akanyamaza kidogo akasema basi niandikie na mimi jina.

Sasa unaposoma kifungu, swali la kwanza na kubwa kuliko yote ni nani anasaini. Angalia sheria mbili tulizonazo tayari. Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2002, kifungu cha 31, polisi akitaka kunasa mawasiliano lazima apate kwanza ridhaa ya maandishi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali halafu aende mahakamani kuomba amri. Na hapo tunazungumzia ugaidi jamani! Njoo kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 32, mkuu wa kituo cha polisi au afisa wa ngazi kama yake anaweza mwenyewe kutoa amri kwa yeyote mwenye data azitoe kwa ajili ya upelelezi. Kosa dogo limepewa mlango mpana kuliko kosa kubwa, na mpaka leo sijasikia maelezo yanayoniingia akilini. Jamii Media, kampuni inayoendesha jukwaa la mtandaoni la JamiiForums, walikipinga kifungu hicho Mahakama Kuu wakashindwa, na mkuu wake Maxence Melo alikamatwa Desemba 2016 akashtakiwa kwa kuzuia upelelezi, kisa data za watumiaji. Ndo maana nasema pambana neno likiwa bado kwenye muswada, likishakuwa sheria kulitoa ni kazi ya miaka.

(Namba za vifungu nazotaja ni za sheria kama zilivyopitishwa. Toleo la Sheria Zilizorekebishwa la 2023 lilianza kutumika 1 Julai 2025, kwa hiyo kabla hujanukuu hakikisha namba haijahama.)

Maswali mengine mawili ni ya haraka: ni kwa kosa gani, na kwa muda gani. Kifungu kikisema "kosa lolote" au hakitaji siku, kiwekee alama.

La mwisho watu wengi wanalisahau, je aliyechunguzwa anaambiwa baadaye? Afrika Kusini mwandishi wa habari Sam Sole aligundua simu zake zilinaswa, yeye na chombo chake amaBhungane wakaenda mahakamani, na tarehe 4 Februari 2021 Mahakama ya Katiba ikasema sheria yao ya kunasa mawasiliano, RICA, inavunja katiba, mojawapo ya sababu ni kwamba haikuwa na utaratibu wa kumjulisha mtu baada ya uchunguzi kuisha. Bunge likapewa miaka mitatu kurekebisha. Ukiandika pendekezo la kumjulisha mtu itaje hiyo kesi, maana wabunge wakiambiwa "haijawahi kufanyika popote" wanakubali haraka.

Msiingie kwenye maoni mkisema polisi wasiguse data kabisa, hapo mnapoteza watu. Kila mmoja wetu ameshapokea ile meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii" na tunataka hao jamaa wakamatwe. Hoja yetu ni kibali na ukomo basi. Na silaha ya hoja hiyo tunayo nyumbani: Katiba ibara ya 16 inalinda maisha binafsi na mawasiliano ya mtu, ibara ya 18 inagusa haki ya kutoingiliwa kwenye mawasiliano. Upande wa serikali utajibu na ibara ya 30(2), maslahi ya umma. Ukijibiwa hivyo toa kesi ya Kukutia Ole Pumbun, 1993, Mahakama ya Rufani iliyokaa hapa hapa Arusha, ilisema sheria inayobana haki lazima isiwe ya kionevu, iwe na kinga za kutosha dhidi ya matumizi mabaya, na isibane kuliko inavyohitajika. Kesi ile wala haikuhusu simu, ilihusu kuomba ridhaa kabla ya kuishtaki serikali, lakini kipimo ni kile kile.

Kuandika sasa. Kurasa mbili, zikizidi sana tatu, historia ya dunia iache. Chora jedwali la safu tatu: kifungu kinavyosema, tatizo, pendekezo. Mfano wangu wa kutunga, kifungu kinasema "Afisa aliyeidhinishwa anaweza kumwagiza mtu yeyote mwenye taarifa kuzitoa kwa ajili ya upelelezi." Tatizo unaandika mstari mmoja tu, afisa anajipa kibali mwenyewe na hakuna ukomo. Pendekezo ndo usilegee hapo, usiandike "kifungu kiangaliwe upya", hiyo haimsaidii mtu. Andika maneno yenyewe: futa "Afisa aliyeidhinishwa anaweza kumwagiza", weka "Mahakama inaweza, kwa maombi ya afisa aliyeidhinishwa yanayoambatana na kiapo, kumwagiza", halafu ongeza kifungu kidogo "Amri hiyo itadumu kwa siku zisizozidi thelathini." Ukimpa mbunge maneno yaliyo tayari anayabeba kama yalivyo kwenye jedwali lake la marekebisho, ukimpa malalamiko atakuitikia kwa kichwa tu.

Peleka kwa Katibu wa Bunge, S.L.P. 941, Dodoma, au kwa njia iliyotajwa kwenye tangazo la kamati la kuita wadau. Hayo matangazo huwa yanatoka na siku chache sana kwa hiyo usisubiri tangazo ndo uanze kusoma. Mkiweza changishaneni nauli mmoja wenu apande basi la alfajiri la kupitia Babati na Kondoa akaongee mbele ya kamati, anapewa dakika chache, akajibane kwenye kifungu kimoja. Nakala nyingine ofisi ya mbunge wenu, ipigwe muhuri wa kupokelewa, na umuulize katibu wake kwa adabu, "Mheshimiwa tutampata lini kabla ya kikao cha kamati?" Kabla ya kamati narudia, maana ukifika ukumbini ni kura ya sauti, "nafikiri waliosema ndiyo wameshinda", imeisha hiyo.

Na msione kura moja ni ndogo. Marekani tarehe 12 Aprili 2024 Baraza la Wawakilishi lilipiga kura kuhusu kuwalazimisha maafisa wapate kibali cha mahakama kabla ya kutafuta mawasiliano ya Wamarekani kwenye data zinazokusanywa chini ya kifungu cha 702 cha FISA, sheria yao ya ujasusi wa mawasiliano. Matokeo 212 kwa 212, sare, pendekezo likaanguka. Mmoja tu aisee.

Sheria ikipita bado kuna njia, ila inakuwa ngumu zaidi. Fuatilia kanuni, hizo waziri anazitengeneza na zinatoka kwa Tangazo la Serikali, mara nyingi ndimo maelezo yenyewe yanamojificha. Mahakama Kuu mnaweza kufungua shauri chini ya ibara ya 30(3) ya Katiba, japo tangu marekebisho ya 2020 anayefungua lazima aonyeshe kwa kiapo kuwa yeye binafsi ameathirika. Haina maana haiwezekani, mwanasheria Tito Magoti aliipinga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na 8 Mei 2024 Mahakama Kuu ikakuta baadhi ya vipengele vya vifungu vya 22 na 23 havieleweki vizuri kiasi cha kukubalika kikatiba, serikali ikapewa mwaka mmoja irekebishe.

Wengi wanauliza kwa nini tusivuke barabara tu kwenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, si iko hapa mjini. Iko, lakini Novemba 2019 Tanzania ilitoa taarifa ya kujiondoa kwenye lile tamko lililoruhusu mtu binafsi kwenda moja kwa moja, na mlango huo ukafungwa mwaka uliofuata. Uliobaki kwa mtu wa kawaida ni Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, nayo iko hapa hapa Arusha, ila muda wake ni miezi miwili tangu sheria itungwe au kuchapishwa, au tangu ujue jambo unalolalamikia. Kwa hiyo tarehe ya Gazeti iandike juu ya nakala yako ya kwanza kabisa, na wakili mtafuteni wiki hiyo hiyo.