Namna ya Kuufuata Mfululizo wa Moribito, Vitabuni na Kwenye Skrini

Anayetaka kuujua mfululizo wa riwaya za Moribito wa mwandishi Mjapani Nahoko Uehashi na aanze na kitabu cha kwanza, kilichotoka Japani mwaka 1996. Balsa, mwanamke wa miaka 30 anayelinda watu kwa ujira na kupigana kwa mkuki, anamwokoa mwanamfalme Chagum mtoni, kisha mama wa mtoto anamsihi amtoroshe, kwa kuwa Chagum amebeba mwilini yai la kiumbe wa majini na baba yake, Mikado, yaani mtawala wa nchi, ametaka auawe kwa siri.

Tafsiri ya Kiingereza ya Cathy Hirano, ya mwaka 2008, ni nyepesi kwa aliyemaliza shule ya upili. Huku Mombasa ni vyema kumwomba muuzaji wa vitabu aiagize, na wanaosoma kwa kikundi wanaweza kupokezana nakala moja, au mmoja aifasiri kwa sauti barazani baada ya Isha.

Wakati wa kusoma, gawa karatasi pande mbili: upande mmoja andika wanayoyasema wanajimu wa ikulu kuhusu kuasisiwa kwa dola, na upande wa pili wanayoyakumbuka Wayakoo, wenyeji wa nchi hiyo kabla ya Wayogo kuhamia. Masimulizi hayo hayalingani, na katika pengo lililo baina yao ndimo uhai wa Chagum unamoning'inia, kwa sababu yai ambalo ikulu inaliita pepo mwovu ndilo litakaloizuia nchi isipatwe na ukame. Aliyewahi kuwasikiliza wazee wa Kimijikenda wakieleza habari za kaya zao, kisha akasoma habari hizo hizo katika kitabu cha darasani, ataielewa karatasi hiyo upesi. Uehashi mwenyewe ni mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti miongoni mwa Waaborijini wa Australia, na kwa maoni yangu hapo ndipo riwaya hii inapozishinda nyingi za aina yake.

Baada ya kitabu, tazama anime, yaani filamu ya katuni ya Kijapani, ya mwaka 2007 iliyoongozwa na Kenji Kamiyama katika studio ya Production I.G. Vipindi vyake 26 vyote vimetokana na kitabu hicho kimoja, kwa hiyo vya katikati vinakwenda polepole, vikionyesha maisha ya kijijini. Wapenda mapigano watalalamika, lakini visirukwe, maana humo ndimo Chagum anamojifunza kuishi kama watu wa kawaida. Manga, yaani kitabu cha katuni, ya Kamui Fujiwara si lazima.

Tamthilia ya NHK, shirika la utangazaji la Japani, yenye vipindi 22 vilivyorushwa kati ya 2016 na 2018, Haruka Ayase akiwa Balsa, iachwe mwisho. Imeupangua mpangilio wa vitabu: safari ya Balsa kurudi kwao Kanbal, ambayo ni kitabu cha pili, imepelekwa msimu wa tatu. Kitabu hicho nacho kilitafsiriwa na Hirano, mwaka 2009. Asiyekipata mapema atazame misimu miwili ya mwanzo, kisha asubiri nakala yake ifike.