Tui zito liingie mwisho katika ndizi nyama

Anayepika ndizi nyama kwa nazi achemshe kwanza nyama peke yake, pamoja na tangawizi, kitunguu saumu na chumvi, kwa moto mdogo hadi ilainike kabisa, kwa kuwa ndizi huiva upesi na zikitangulia zitavurugika nyama ikiwa bado ngumu. Nyama ya muundi yenye kano, ambayo baadhi ya wateja wa mabucha huikwepa (nami huiagiza kwa makusudi), ndiyo inayofaa zaidi, maana kano hizo hulainika polepole na kuupa mchuzi uzito. Kisha weka ndizi na tui jepesi. Tui zito limiminwe mwishoni, makaa yakiwa yamepunguzwa, huku ukikoroga taratibu bila kufunika sufuria, kwani likichemka kwa nguvu hukatika. Ndimu ikamuliwe mezani.