Ekzosi ya bodaboda imekuunguza? Lea kidonda hivi

Kidonda cha ekzosi nakitambua kabla mgonjwa hajakaa kitini: mguu wa kulia, upande wa ndani wa kigimbi. Boxer na TVS ekzosi iko kulia, na abiria wetu wanapenda kushukia hukohuko. Kazi yangu ni kufunga vidonda zahanati, na hivi haviishi.

Kwanza maji. Yawe ya bomba, yakitiririka juu ya jeraha kwa dakika 20. Huna bomba, mimina na kopo taratibu. Hata kama zimepita saa mbili tangu uungue, bado yanasaidia. Barafu hapana. Dawa ya meno ndiyo inayonikera zaidi: inagandia kwenye nyama mbichi, kisha mimi ndiye wa kuibandua huku mtu analia. Ukishapooza jeraha, osha kwa sabuni laini, paka vazelini kutoka kopo jipya, weka gozi (kile kitambaa chepesi cha kufunikia vidonda), funga bendeji bila kukaza. Lengelenge dogo usilitumbue. Kama hukumbuki lini ulichomwa sindano ya pepopunda, fuata sindano. Na kama jeraha ni jeupe au gumu kama ngozi ya kiatu na haliumi, nenda hospitali siku hiyohiyo. Kutouma huko ni dalili kwamba moto umeingia ndani.

Siku ya pili au ya tatu watu wanarudi na hofu: mguu umevimba. Kwenye ngozi zetu nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo pitisha mgongo wa kiganja, utasikia joto. Hapo mwili uko kazini. Mishipa midogo imetanuka, majimaji yanavuja, na chembe nyeupe za damu zinaingia kula vijidudu na nyama iliyokufa. Za mwanzo hufa palepale; nyuma yake huja kubwa zaidi, makrofaji, zinazosafisha mabaki na kuita chembe za kujenga. Utando wa njano ulioloa si lazima uwe usaha. Cha kuogopa ni maumivu yanayozidi badala ya kupungua, uvimbe unaopanda, harufu mbaya, usaha mzito, au homa.

Kuanzia kama siku ya nne, chini ya gozi utaona nyama nyekundu, ina vipunjepunje, ukiigusa tu inatoa damu. Hiyo ni nyama nzuri! Ni vimishipa vipya na kolajeni changa, yaani nyuzi za protini zinazoshikilia ngozi. Ngozi nayo inatambaa kutoka pembeni, na kama vinyweleo havikuungua, utaona visiwa vidogo vya ngozi katikati. Basi usivute gozi kavu. Iloweshe kwanza kwa maji ya chumvi ya hospitali mpaka iachie yenyewe.

Hapa ndipo ninapogombana na mama zangu wanaosema kidonda kiachwe wazi kipigwe upepo. Chembe za ngozi hutambaa juu ya unyevu. Penye gaga inabidi zichimbe njia chini yake. Mwaka 1962 mtafiti George Winter alilionyesha hili kwa nguruwe: majeraha yaliyofunikwa yakabaki na unyevu yaliota ngozi karibu mara mbili kwa haraka kuliko yaliyoachwa yakauke. Unga wa rangi mbili, vile vidonge vya antibiotiki, unaonyunyizwa kwenye kidonda ndio huohuo ukaushaji, tena unawazoesha vijidudu dawa. Spiriti inaua hata chembe zinazojenga.

Kula mayai, dagaa, maharage, mapera. Kolajeni haitengenezwi kwa chai ya rangi. Mwenye kisukari asisubiri, aje mapema.

Kidonda kisipofunga ndani ya wiki tatu, usiendelee kubadilisha gozi nyumbani. Hapo daktari aamue kama ngozi ipandikizwe.

Kikifunga, chini yake bado kazi inaendelea mwaka mzima au zaidi: kolajeni changa inabomolewa na kupangwa upya. Hata ikimaliza, kovu hufikia kama asilimia 80 tu ya uimara wa ngozi ya awali. Litawasha sana. Usikune, lisugue kwa mafuta ya nazi kwa kidole gumba, mara mbili kwa siku, na ulifunike juani lisizidi kuwa jeusi. Likianza kuinuka na kuvuka mipaka ya jeraha, hasa kama kwenu kuna mwenye makovu manene, muone daktari wa ngozi likiwa bado dogo.