Rimu na tairi za gari ya kitambo: anza na rimu, tairi ni mwisho

Swali naulizwa kila saa na wenye Beetle, Peugeot 504, Datsun na Mercedes za kitambo ni "fundi, tairi gani itaingia hapa?" na mimi huwarudishia swali, hizo rimu ziko hapo ni za hiyo gari kweli? Juu wengi hawajui. Gari ya 1974 hapa Nairobi imepita mikono mingi, kuna mwenye alikuwa na pesa akaweka rimu za spoti, mwenye alimfuata akaishiwa akaziuza na kufunga chenye alipata Grogan kwa wauza spea, sasa wewe umenunua gari pamoja na hayo mambo yote. Kwa hivyo tunaanza na rimu.

Hatua ya 1: Soma rimu

Toa gurudumu moja, sugua na brashi ya waya mbele na nyuma, alafu tafuta namba zimegongwa kwa chuma, mara nyingi karibu na tundu la valvu ama kati ya matundu ya nati. Utaona kitu kama 4½J x 15 ama 5½J x 14. Namba ya kwanza ni upana kwa inchi, hiyo J ni umbo la ukingo, ya mwisho ni kipenyo. Namba zikiwa zimeliwa na kutu pima mwenyewe, lakini pima ndani pale tairi inakalia, usipime ukingo wa nje kwa ukingo wa nje, juu utapata zaidi ya inchi moja juu ya saizi ya kweli na utanunua tairi ya rimu hauna.

Ukiona 390 badala ya 14 ama 15, simama hapo hapo. Hiyo ni TRX ya Michelin, ilikuja na baadhi ya Peugeot 505 na BMW za wakati huo, na 390 ni milimita, yaani inchi 15.35 hivi. Tairi ya 15 haikai kwa hiyo rimu hata mtu wa pancha akuapie kwa mama yake, na akijaribu kuilazimisha na upepo mwingi usisimame karibu. Either uagize tairi za TRX ng'ambo, na bei yake uisome ukiwa umekaa, ama utafute rimu za kawaida za 14 za hiyo modeli. Mimi ningetafuta za 14.

Hatua ya 2: PCD, tundu la katikati na nati

PCD ni kipenyo cha ile duara inapita katikati ya matundu yote ya nati. Rimu ya matundu manne ni rahisi, pima katikati ya tundu moja mpaka katikati ya lile linaloangaliana nalo. Ya matundu matano haina yanayoangaliana, so pima katikati ya mawili yaliyo jirani alafu zidisha na 1.7. Ukipata kama milimita 66 kwa Mercedes W123, hesabu inakuletea 112, na hiyo ndiyo yenyewe. Beetle za kitambo kabisa ni 5x205 (matundu matano, PCD milimita 205), za kuanzia modeli ya 1968 nyingi ni 4x130. Datsun 1200 ni 4x114.3, Escort Mk1 na Mk2 ni 4x108, Land Rover Series ni 5x165.1.

Sasa kuna mtego. Fiat nyingi za zamani ni 4x98, na mjini rimu za 4x100 zimejaa juu ya Toyota na Honda ndogo ndogo. Tofauti ni milimita mbili tu, rimu itaingia ukiisukuma, nati ya kwanza itakaza poa, hizo zingine zitakaza zikiwa zimelala upande. Ukifika themanini usukani unaanza kutetemeka, unarudi kufanyiwa balansi, unalipa, unatetemeka tena, na hiyo yote shida si balansi, gurudumu lenyewe haliko katikati na nati zinajifungua polepole. Rimu kuingia si rimu kutoshea.

Tundu la katikati likiwa dogo kuliko habu (ile sehemu ya gari gurudumu linafungwa), rimu haitakaa, na usikubali mtu alitoboe zaidi kwa kubahatisha. Likiwa kubwa weka ringi ya saizi sahihi.

Alafu nati. Hapa watu hupita haraka na ndio mahali pabaya. Mercedes na Volkswagen za kitambo boliti zao zina makalio ya mviringo kama mpira, Datsun zina koni ya digrii 60, na rimu zingine za aloi za Toyota za zamani zinataka nati yenye shingo ndefu na washa bapa. Ukifunga boliti ya koni kwa rimu yenye makalio ya mviringo inagusa sehemu nyembamba tu, italegea. Rimu ya aloi pia ni nene kuliko ya chuma, so boliti za chuma zinaweza kuwa fupi. Hesabu mizunguko ya mkono kabla haijakaza: ya M12x1.5 (unene milimita 12, kila mzunguko unaingia milimita 1.5) isipungue 8 hivi, ya M14x1.5 isipungue 9. Ikishika mara nne tu, nenda ununue ndefu, usiseme "itashikilia".

Hatua ya 3: Ofseti

Ofseti ni umbali kutoka katikati ya upana wa rimu mpaka pale inagusana na habu, kwa rimu huandikwa ET. Laza rimu bila tairi uso ukiangalia chini, weka rula ndefu ama ubao ulionyooka juu ya mgongo wake, pima kutoka kwa huo ubao mpaka pale rimu inagusana na habu. Toa nusu ya upana wote wa nje. Rimu ya chuma ya W123 ya 5½J ina upana wa nje wa milimita 165 hivi, nusu ni 82 na kitu, ukipima mgongo unapata kama 112 (sio ile 112 ya PCD, ni bahati tu zimefanana), toa, unabaki na 30. Ndiyo ET30 yenyewe.

Ukibadilisha, kaa karibu na ya kiwanda. Ofseti ikishuka sana gurudumu linatoka nje, linakwaruza fenda, bearing za gurudumu zinakula mzigo haukupangiwa na usukani unakuwa mzito, na gari hizi nyingi hazina pawa stering. Spesa (vile vipande vya kusukuma rimu nje) za kutengenezewa jua kali mimi sifungi, hata ukinilipa.

Hatua ya 4: Kagua hali ya rimu

Tafuta nyufa kuzunguka matundu ya nati na matundu yaliyopanuka kama yai. Zikiwepo, hiyo rimu ni chuma chakavu, usiipeleke kuchomelewa Kariobangi. Zikiwa safi, ifunge kwa habu, inua na jeki, weka waya karibu na ukingo, zungusha polepole uone inacheza kiasi gani, ikipita milimita moja na nusu hivi utaisikia barabarani.

Rimu nyingi za zamani hazina lile tuta dogo la ndani linalozuia tairi isitoke mahali pake kwa kona. Bila hilo tuta weka tyubu, na iwe tyubu ya radial ya saizi hiyo. Rimu za spoku hazina mjadala, tyubu na mkanda wa ndani.

Hatua ya 5: Sasa tairi

Tuchukue Beetle juu ndio naziona sana. Saizi yake ya radial ni 165/80R15, yaani upana milimita 165, ubavu asilimia 80 ya huo upana, rimu ya inchi 15, na kimo cha tairi yote karibu milimita 645. Mtu wa duka atakwambia hiyo hakuna, chukua 195/65R15 iko kila mahali, na kwa kimo hajakudanganya, ni karibu 635, tofauti haifiki asilimia mbili, spidomita haitalia. Shida ni upana. Tairi ya 195/65 inataka rimu ya inchi 5½ mpaka 7, na yako ni 4 ama 4½. Ukiifunga hapo inajifinya juu kama balbu, katikati inaisha mapema, na kwa kona gari inaogelea. So kabla uangalie kimo angalia upana wa rimu, ndio maana tulianza huko.

504 na pikapu wana bahati, 185R14C inapatikana juu ya matatu na vani. Lakini hiyo C ni ya mzigo, kuta zake ni ngumu, ukiiweka kwa saluni nyepesi kila tuta la barabara utalihesabu na mgongo. Kwa pikapu weka bila wasiwasi. Land Rover Series nao 7.50-16 wanapata bila jasho.

Herufi ya mwisho ya saizi ni ya spidi: S ni kilomita 180 kwa saa, T ni 190, H ni 210. Usishuke chini ya ile kiwanda kilisema, na namba ya mzigo vile vile, 82 ni kilo 475 kwa tairi moja, 91 ni 615. Na usichanganye radial na zile za nyuzi mshazari kwa ekseli moja. Kama lazima uwe na mbili mbili, radial zinaenda nyuma, ukizigeuza mkia utakupita kwa mvua.

Hatua ya 6: Umri

Gari ya kitambo haitembei sana, so tairi inazeeka kabla haijaisha. Soma namba nne za mwisho za DOT, ile namba ya kiwanda iko ubavuni mwa tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Zikiwa tatu tu, hiyo tairi ni ya kabla ya 2000, hata kama ina meno yote na inang'aa. Ikipita miaka mitano ikaguliwe kila mwaka, ikifika kumi itoke. Usidanganyike na "mpya, haijawahi fungwa". Kiwanda cha Yana hapa Nairobi kilifungwa 2016, so ukiuziwa Yana ya kutengenezewa hapa, piga hesabu mwenyewe.

Kirinyaga Road ina maduka mengi, lakini omba kuona DOT ya zote nne kabla ya kutuma M-Pesa, watakuletea moja nzuri mbele na tatu zingine ziko stoo. Saizi za shida kabisa agiza nje, Michelin na Vredestein bado wanauza tairi za gari za kitambo.

Hatua ya 7: Kufunga

Kaza nati na mkono kwanza, kwa mshazari, gari ikiwa juu. Shusha, malizia na spana ya toki, W123 ni 110 Nm, zingine soma kitabu cha gari. Mashine ya upepo ya mtu wa pancha inaweza kukaza mpaka ukiwa Naivasha usiku huwezi fungua. Rudia kukaza baada ya kilomita 50 hadi 80. Pindisha usukani mpaka mwisho pande zote mbili, alafu weka watu wanne ndani na upande tuta ukisikiliza fenda.

Upepo sasa. Pale petroli stesheni jamaa atataka kuweka PSI 35 zote. Beetle injini iko nyuma, kwa radial ni kama 18 mbele na 27 nyuma, ukiweka 35 mbele gari itarukaruka kama mbuzi. Na hiyo spea ya Beetle usiisahau, kwa nyingi ndiyo inasukuma maji ya kuosha kioo, ikiwa imelala unaendesha na matope.