Kabla ya kushtaki: maandalizi ya kumlinda mzee anayenyanyaswa

Kikulacho ki nguoni mwako. Anayemuumiza mzee mara nyingi ni mtoto wake wa kumzaa, mjukuu, mwenzi wake au mtu aliyewekwa nyumbani kumtunza, na ndiyo sababu wazee wengi hunyamaza. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mtu 1 kati ya 6 wenye umri wa miaka 60 na zaidi alipatwa na unyanyasaji wa aina fulani katika kipindi cha mwaka mmoja. Ukiona kuna jambo, hasira hukusukuma kwenda kituo cha polisi saa hiyo hiyo. Ikiwa maisha yake yako hatarini, nenda, usingoje chochote. Kama si hivyo, jipange kwanza, maana shauri likianza bila maandalizi, wa kwanza kuumia ni mzee mwenyewe.

Anza kwa kuhakikisha unachokiona. Ngozi ya uzeeni ni nyepesi, na wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda huvilia damu hata wakigusa kiti, kwa hiyo alama peke yake haithibitishi kipigo. Kinachotia shaka ni alama zinazofanana na vidole katika mikono yote miwili, michubuko ya shingoni au masikioni, jeraha lililokaa siku kadhaa bila kupelekwa hospitali, na maelezo yanayobadilika kila mtu akiuliza. Utelekezaji nao una alama zake: vidonda vya kulalia kwenye matako na visigino, midomo iliyokauka, chupa ya dawa iliyojaa wakati ilipaswa kuwa imekwisha. Mateso ya moyoni, kama matusi, vitisho au kufungiwa asionane na watu, hayaachi kovu, ila utaona mzee anamtazama mtu fulani kabla ya kujibu. Na pesa ziangalie sana. Pensheni inaingia lakini hana nauli. Ghafla kuna hati yenye dole gumba lake, na ukimuuliza aliweka kwa ajili gani, anasema aliambiwa ni fomu ya matibabu.

Zungumza naye mkiwa wawili tu. Mtunzaji akigoma kutoka chumbani, hilo nalo liandike. Usimuulize "Fulani anakupiga, eti?" kwa sababu jibu la swali hilo halina uzito na linamtisha. Muulize ni nani anayeshika pesa zake, au usiku akihitaji kitu anamwita nani na anajibiwaje. Kisha muulize anataka nini. Huenda anataka pesa zake zirudi lakini hataki mwanawe afungwe, na mtu mzima mwenye akili timamu ana haki ya kuamua hivyo. Hata mwenye maradhi ya kusahau bado ana kauli katika mambo mengi. Usimfute kwa sababu alisahau siku ya wiki.

Baada ya hapo, weka daftari mbali na nyumba hiyo. Kuandika "bibi anaonewa" hakumsaidii hakimu. Andika tarehe, saa, ulichokiona kwa macho yako, na maneno yake kama alivyoyasema: "Amenifungia tangu asubuhi, nimelala na njaa." Piga picha ya jeraha kwa karibu ukiweka rula pembeni, na nyingine ya mbali inayoonyesha sura yake, akikubali. Mpeleke kwa daktari, na uombe maelezo yaandikwe kwenye faili. Ikiwa ni ubakaji, asioge wala nguo zisifuliwe, na afike hospitali ndani ya saa 72, kwa sababu dawa za kinga dhidi ya VVU haziwezi kuanzwa baada ya hapo.

Nyaraka nazo ziwekwe salama: kitambulisho, hati za nyumba au ardhi, taarifa za benki, wosia, orodha ya dawa. Kama alimpa mtu hati ya uwakilishi, yaani ruhusa ya kisheria ya kushughulikia pesa au mali kwa niaba yake, anaweza kuifuta kwa maandishi maadamu akili yake inatosha kuelewa anachofanya. Lakini benki isipoarifiwa itaendelea kumtambua yule yule, kwa hiyo barua ifike huko na ipigwe muhuri wa kupokelewa. Ni busara daktari ampime uwezo wake wa kuamua karibu na siku hiyo, ili baadaye asiambiwe alichanganyikiwa. Na wakili awe wa mzee, akutane naye faraghani, hata kama ada inalipwa na mwingine.

Mbele ya sheria kuna njia kadhaa, na zinaweza kwenda pamoja. Kesi ya jinai humwadhibu mkosaji. Amri ya ulinzi humzuia asimkaribie, na kwa kawaida hupatikana haraka zaidi. Shauri la madai hurejesha mali: mahakama inaweza kubatilisha uhamisho uliofanyika kwa ulaghai, vitisho au shinikizo. Hapo omba mapema zuio la muda, yaani amri ya mahakama ya kuzuia mali isiuzwe wakati shauri linaendelea, kwa maana nyumba ikishauzwa kwa mtu wa tatu asiyejua lolote, kuirudisha ni kazi ngumu. Mashauri ya madai yana ukomo wa muda, kwa hiyo taja tarehe ya tukio siku ya kwanza unapoonana na wakili. Ombi la kumteulia mzee msimamizi, yaani mtu wa kumwamulia mambo yake kisheria, liwe la mwisho kabisa, kwani linamwondolea sauti katika mambo yake.

Kitu kinachosahaulika zaidi ni usiku wa siku ambayo mtuhumiwa atapokea wito wa mahakama. Mara nyingi ndiye aliyekuwa akipika, akimwogesha na kumchoma sindano ya sukari. Kabla wito haujatolewa, jua mzee atalala wapi, nani atampa dawa na saa ngapi. Hakikisha namba ya siri ya kadi imebadilishwa, na kitasa cha mlango pia kama sheria inaruhusu. Awe na simu yenye salio, na namba za watu wawili anaowaamini ziandikwe kwa herufi kubwa kwenye karatasi, kwa sababu kwa woga hata anayezijua kwa moyo huweza kuzisahau.