Kumfundisha Polisi wa Jeshi Kupima Njia na Kuongoza Msafara

Katika kozi nyingi upelelezi wa njia hufundishwa wiki moja na uongozaji wa magari wiki nyingine, kila somo na mkufunzi wake, kana kwamba ni kazi mbili zisizojuana. Ushauri wangu kwa anayeandaa kozi ya polisi wa jeshi, wale ambao kambini huitwa MP, ni kwamba askari aliyeipima barabara ndiye apangiwe kusimama kwenye makutano yake siku msafara unapopita. Akijua kwamba atayavuna mwenyewe aliyoyaandika, hataipima kona kwa macho akiwa amekaa ndani ya gari.

Kwa hiyo anza kwa kuwashusha. Chagua kipande cha barabara cha kilomita 5 chenye kona, mteremko na angalau kalvati moja, uwape futi kamba ya mita 30, dira, penseli na daftari, na vifaa vya kielektroniki uviache ghalani kwa siku mbili za mwanzo. Kila askari atembee mita 100 zilizopimwa, mara tatu, ahesabu hatua zake na kutafuta wastani, kwa sababu hatua yake ni kipimo ambacho hakiishiwi betri.

Kisha wafundishe kuiandika njia kwa ufupi. Mfumo wa NATO hutaja upana, aina ya njia, daraja la uzito (yaani kiwango cha uzito wa magari, si daraja la kuvukia), na nafasi iliyo wazi juu ya barabara, hivyo njia iliyoandikwa 6.1m/Z/40/4.3m(OB) ina upana wa mita 6.1, hupitika wakati wa kiangazi tu, hubeba magari ya daraja la uzito hadi 40, ina nafasi ya mita 4.3 juu, na ina vizuizi. Herufi X huandikwa kwa njia inayopitika mwaka mzima, na Y kwa ile ambayo mvua huipunguzia uwezo. Sisitiza kwamba kila tarakimu hapo inatoka mahali pabaya kuliko pote, maana barabara ya kilomita 80 yenye upana wa mita 8 na daraja moja la mita 4 ni njia ya mita 4. Waonye pia kwamba daraja la uzito wa kijeshi si tani zinazoandikwa kwenye kibao cha barabarani, na kwamba hesabu ya nguvu ya daraja la kuvukia ni ya wahandisi. MP anaandika kibao kinasema nini, nguzo zimechimbuka kiasi gani, na kama kuna mahali pengine pa kuvukia, halafu anapeleka taarifa.

Mteremko wa asilimia 7 au zaidi ni kizuizi cha kuripotiwa, na aliyewahi kupanda Kitonga mkoani Iringa nyuma ya lori lililojaa haombi maelezo ya sababu. Upimaji wake hauhitaji chombo. Askari asimame chini ya kilima, atazame mbele kwa usawa kamili wa jicho, aone macho yake yanagusa wapi ardhini, kisha atembee hadi hapo huku akihesabu hatua, na kurudia hadi kileleni. Ikiwa macho yake yako mita 1.75 kutoka ardhini na ametazama mara 3, amepanda mita 5.25, na kama alitembea hatua 75 za mita 0.75, amekwenda mita 56.25. Gawanya ya kwanza kwa ya pili, zidisha kwa 100, utapata asilimia 9.3.

Kona huwasumbua zaidi, na hapa usiharakishe. Nusukipenyo cha mita 25 au chini yake ni kizuizi, lakini kitovu cha kona aghalabu kiko ndani ya gema au shamba la mtu, kwa hiyo hakipimiki moja kwa moja. Nyosha kamba ya mita 15 kati ya nukta mbili za ukingo wa nje wa kona, kisha pima kutoka katikati ya kamba hadi ukingo wenyewe; umbali huo ndio kimo. Kanuni ni hii: urefu wa kamba kwa kipeo cha pili, ugawe kwa mara 8 ya kile kimo cha katikati, kisha ongeza nusu ya kimo. Kimo kikiwa mita 2, jibu ni kama mita 15, na trela refu la kubebea vifaru litahangaika hapo. Nimewaona askari wakiisahau kanuni hiyo baada ya wiki moja, ndiyo maana huwapa tarakimu moja ya kukariri: kwa kamba ya mita 15, kimo kikizidi mita 1.15, kona hiyo ni kizuizi.

Barabara ina kumbukumbu ambayo futi kamba haiisomi. Wafundishe kumuuliza utingo wa lori, mama anayeuza ndizi kando ya daraja na mzee wa kijiji maji ya masika hufika wapi, na waulize kwa heshima, wakianza na salamu na si na bunduki. Njia inayopimwa Septemba kwa ajili ya operesheni ya Aprili, bila swali hilo, imepimwa nusu. Swali la pili ni njia mbadala. Wakati wa vita vya Kagera mwaka 1978, kubomolewa kwa daraja la Kyaka kulitosha kuufanya mto Kagera kuwa ukuta, na jeshi la Tanzania lilihitaji daraja la muda ili kuvuka. Kila daraja katika ripoti liambatane na jibu la wapi msafara utageukia na wapi utasubiri.

Ripoti zikishasahihishwa, ndipo uingie kwenye uongozaji, na uanze na hesabu kabla ya filimbi. Tuseme msafara una magari 30, kila gari pamoja na nafasi yake likichukua mita 100, na mwendo ni kilomita 30 kwa saa. Magari 10 ni kilomita moja, na kilomita moja hupita kwa dakika 2. Ukiyapitisha yote kwa mfululizo unafunga makutano kwa dakika 6. Ukiyagawa katika makundi matatu yenye mwanya wa dakika 5, kila kundi linafunga kwa dakika 2 na daladala zinapumua katikati, ingawa msafara mzima utachukua dakika 16. Mimi huchagua njia ya pili karibu kila mara mjini, maana raia aliyezuiliwa muda mrefu huanza kupenyeza pikipiki. Barabara ya umma ina wenyewe: trafiki wa eneo hilo washirikishwe kabla ya siku ya msafara, na gari la wagonjwa lipite hata kama jenerali atasubiri.

Kwenye kituo cha kuongozea wasiwe chini ya askari watatu, mmoja akiongoza, mmoja akilinda mgongo wake, mmoja akiwa na redio na daftari. Ishara ziwe chache na kubwa. Mkono unaopungapunga humfanya dereva afikiri, na dereva wa lori la tani 20 asiachiwe la kufikiri. Rudieni zoezi hilo usiku kwa tochi, kisha usiku wa mvua.

Kama kikosi kinaandaliwa kwenda nje ya nchi, tenga siku nzima kwa suala la upande. Tanzania, Kenya na Uganda huendesha kushoto. Kongo, Rwanda na Burundi huendesha kulia. Wanajeshi wa Tanzania waliokwenda Kivu Kaskazini katika brigedi iliyoidhinishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2013 walifanya kazi katika barabara za upande huo wa pili. Hatari haiko kwenye barabara iliyonyooka, ambako dereva hufuata wenzake. Iko kwenye kuingia makutano alfajiri, wakati hakuna gari jingine la kumkumbusha, na MP naye husimama mahali alipozoea kusimama nyumbani, mgongo wake ukielekea magari yanayokuja.

Zoezi la mwisho liwe la kuchosha: saa 24, redio zizimwe kwa saa 6, na msafara usomewe ripoti waliyoiandika wanafunzi wenyewe, pamoja na makosa yake yote. Katika majeshi ya NATO gari la kwanza la msafara hubeba bendera ya buluu na la mwisho ya kijani, nami ninaona inafaa kuigwa. Mwenye daftari aandike saa ya bendera ya kwanza, ahesabu kila gari, na aandike saa ya bendera ya mwisho. Hesabu ikipungua hata kwa gari moja, kituo hakivunjwi na kibao hakiondolewi hadi gari hilo lijulikane liko wapi.